Fundo la Kifaransa, marijani au Palestrina: uanze na mshono upi?

Anayeanza kudarizi mafundo kwa mkono huambiwa aanze na fundo la Kifaransa. Linajulikana kuliko mengine yote, video zake hazihesabiki, na kwa maelezo linaonekana jepesi: zungusha uzi kwenye sindano, choma, vuta. Wanaoniuliza hapa Mwanza mimi huwashauri waanze na mshono wa Palestrina, nao hushangaa, maana wengi hawajawahi kulisikia jina hilo. Sababu yangu ni kazi wanazotaka kushona. Ukiwauliza, mmoja atataja pindo la shuka za kudarizi, mwingine foronya, mwingine vitambaa vya makochi, mwingine shingo ya gauni la mtoto. Kazi zote hizo zinadai mstari unaokwenda kando ya kitambaa, na fundo la Kifaransa hutoa nukta. Unaweza kupanga nukta mpaka zikawa mstari, lakini utakesha.

Hata hivyo Palestrina hula uzi, na zipo kazi ambazo haifai kabisa. Katikati yake na fundo la Kifaransa upo mshono wa tatu, marijani, ambao washonaji wengi huupita bila kuutazama. Nimeiweka mitatu hiyo pamoja na kuipima kwa mambo yanayotugusa sisi tunaoshona huku Kanda ya Ziwa: uzi tunaoupata, nguo zinazofuliwa kwa mikono, na muda wa kushona unaokuja vipande vipande kati ya kazi nyingine.

Mkono unafanya nini

Tuanze na la Kifaransa. Uzi unatokea juu ya kitambaa. Mkono wa kushoto unaukaza, wa kulia unauzungushia sindano mara moja au mbili, kisha ncha inachoma kando kabisa ya pale uzi ulipotokea. Ukirudi kwenye tundu lile lile, fundo zima huzama na kutokea upande wa nyuma, na hilo ndilo linalowakatisha tamaa wanafunzi wengi siku ya kwanza. Mkono wa kushoto huendelea kukaza uzi mpaka sindano imalize kupita. Ukiachia mapema unabaki na kitanzi kinachoning'inia. Kwa hiyo wepesi wake ni wa kueleza tu. Mikono miwili inafanya kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja, na mgeni wa sindano huona tabu kuzipatanisha.

Marijani, kwa anayetumia mkono wa kulia, huenda kutoka kulia kwenda kushoto. Unalaza uzi juu ya mstari uliouchora na kuushikilia kwa kidole gumba. Sindano inachoma juu kidogo ya uzi huo na kutokea chini yake, ikichota kitambaa kidogo sana, kitanzi cha uzi kikiwa chini ya ncha. Ukivuta, fundo dogo linajifunga juu ya mstari, kisha unalaza uzi tena mpaka mahali pa fundo lijalo. Chomo moja, fundo moja. Sijaona mshono wa mafundo unaoshikika upesi kuliko huu.

Palestrina huenda kutoka kushoto kwenda kulia, na kila fundo lina hatua tatu. Kwanza unatengeneza daraja: toa uzi mwanzo wa mstari, sogea mbele milimita nne hivi, choma juu kidogo ya mstari na utokee chini kidogo ya mstari, wima. Ukivuta unapata uzi mfupi uliolala kwa mshazari juu ya kitambaa. Pili, pitisha sindano chini ya daraja hilo kutoka juu kwenda chini, bila kugusa kitambaa, uvute taratibu. Tatu, pitisha tena chini ya daraja lile lile, pembeni ya mzunguko wa kwanza, na safari hii sindano itoke juu ya uzi wake yenyewe ili kitanzi kijifunge. Ukivuta, fundo linasimama. Kisha daraja jipya, fundo jipya, na mstari unatokea kama shanga zilizotungwa.

Ukisoma maelezo hayo bila sindano mkononi utachanganyikiwa. Ukiwa nayo, baada ya mafundo machache mkono unashika mwendo wake na kichwa kinapumzika. Mpwa wangu aliniuliza, "Shangazi, mbona yangu yanalala upande mmoja na yako yamesimama?" Nilimwonyesha daraja. Alikuwa analivuta mpaka kitambaa kinakunjamana, halafu anafunga mizunguko kwa ulegevu akiogopa kukunja zaidi. Inatakiwa kinyume chake: daraja lilale tulivu juu ya kitambaa, halafu mizunguko miwili ikazwe sawasawa, kila fundo kwa nguvu ile ile. Akibadilisha hilo tu, mtu mwenye mafundo yaliyolala hupata yaliyosimama jioni hiyo hiyo.

Ipo mbinu moja ambayo mafundisho mengi huiacha. Ncha kali ya sindano hupenda kuchoma uzi wa daraja au kudonoa kitambaa chini yake wakati wa hatua ya pili na ya tatu. Geuza sindano, uipitishe chini ya daraja kwa upande wa tundu lake. Tundu ni butu, linateleza bila kuchana chochote. Kwa hatua ya kwanza unarudi kwenye ncha. Mwanzoni utaona inapunguza kasi, baadaye vidole vinageuza vyenyewe.

Kama unatafuta video, mshono huu huitwa kwa majina mengi. Wengine huuita mshono wa Smyrna, wengine fundo pacha, wengine fundo la kale la Kiingereza, na Palestrina yenyewe ni mji wa Italia ulio mashariki ya Roma. Yote ni mkono ule ule, kwa hiyo usidhani umekosea somo ukikuta jina jingine.

Kwenye fremu au mapajani

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo kwa maisha yetu, na ndiyo ninayoitilia uzito zaidi ninapomshauri mtu.

Fundo la Kifaransa linataka fremu. Kitambaa kisipokazwa, mkono wa kushoto hauwezi kushika kitambaa na kukaza uzi kwa pamoja, na mafundo hutoka kila moja na ukubwa wake. Fremu nayo inataka ukae mahali, mwanga mzuri, na ikiwezekana meza. Kama una karakana au kibaraza chenye utulivu, hakuna shida. Wengi hatuna. Mtu anashona akisubiri wateja kwenye kibanda, au akisubiri zamu yake zahanati, au akiwa kwenye meli ya kwenda Nansio, Ukerewe, safari inayompa saa za kutosha za kushona akipata kiti chenye mwanga.

Marijani na Palestrina hushoneka mapajani bila fremu. Marijani inapendelea hivyo hasa, kwa sababu sindano inachoma na kutokea kwa mkupuo mmoja na kitambaa kinatakiwa kijikunje kidogo kuifuata. Palestrina nayo theluthi mbili ya kazi yake iko juu ya kitambaa, chini ya daraja, haichomi kitu. Ndiyo maana unaweza kuiacha katikati ya mstari ukahudumia mteja na kurudi, mradi umemaliza fundo. Kwa wanaokwenda Sengerema na Geita, kivuko cha Kigongo kilikuwa kinatoa muda mzuri sana wa mafundo, hasa foleni ikiwa ndefu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 watu wanapita bila kusubiri, na kwa safari ni baraka, ila mshonaji inabidi autafute muda huo kwingine.

Mwanga pia. Mafundo ya Kifaransa meupe juu ya kitambaa cheupe usiku ni kujiumiza macho, kwa sababu lazima uone tundu uzi ulipotokea ili uchome kando yake. Palestrina unaweza kuifuata kwa kidole: daraja linagusika. Umeme ukikatika, marijani na Palestrina huendelea kwa taa ndogo ya kuchaji. Fundo la Kifaransa liache mpaka asubuhi.

Uzi

Uzi wa kudarizi unaouzwa kwa kata huwa na nyuzi sita zinazogawanyika. Unachomoa mbili au tatu ukashonea. Huo ndio uzi wa fundo la Kifaransa, kwa sababu ukubwa wa fundo unaupata kwa kuongeza au kupunguza nyuzi, na ni vizuri zaidi kuliko kuongeza mizunguko. Fundo la mizunguko minne huinama.

Kwa Palestrina uzi huo unasumbua. Nyuzi zake zinaachana, sindano inapita katikati ya daraja badala ya chini yake, na fundo linapoteza umbo. Mshono huu unataka uzi wa mviringo uliosokotwa kwa nguvu na usiogawanyika. Viwanda vya Ulaya huutengeneza uzi wa namna hiyo kwa jina la perlé. Kampuni ya DMC, iliyoanzia Mulhouse, mji ulioko Ufaransa, mwaka 1746, huuza kwa namba 3, 5, 8 na 12, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. Namba 8 inafaa pindo la foronya. Namba 5 ni ya kitambaa kizito au ya mtu anayejifunza na anataka kuona anachofanya.

Uzi huo si rahisi kuukuta Mwanza. Ukizunguka Makoroboi na mitaa ya jirani yenye maduka ya vitambaa na vifaa vya cherehani, utakachokuta kwa wingi ni uzi wa pamba wa kufumia vitambaa, ule wa sindano ya ndoano. Chukua huo. Ule mwembamba, uliosokotwa vizuri na wenye mng'ao kidogo, hutoa mafundo ya Palestrina mazuri kabisa, na bunda moja hukaa muda mrefu. Epuka nyuzi za sufi ya plastiki za kufumia sweta. Zinanyooka ukivuta na kurudi ukiachia, kwa hiyo fundo halikazi. Naumia kidogo kila ninapoandika haya, kwamba sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii inalimwa Kanda ya Ziwa na bado uzi mzuri wa kudarizi tunausubiri kutoka mbali. Natamani siku moja kiwanda cha huku kione kwamba wanunuzi tupo.

Kuhusu wingi, Palestrina ndiyo inayokula uzi zaidi kati ya mishono miwili ya mstari, kwa sababu kila fundo lina daraja na mizunguko miwili juu yake. Marijani inakula kidogo: uzi umelala tu, na kila baada ya nafasi fulani kuna fundo moja. Hesabu kamili inategemea uzi wako na mkono wako, kwa hiyo pima mwenyewe kabla ya kuahidi kazi ya mtu. Kata uzi wa sentimita 50, shona mstari wa sentimita 10, pima kilichobaki. Kitoe kwenye 50 upate uzi uliotumika, uzidishe kwa idadi ya sentimita 10 zilizomo kwenye pindo lote, kisha ongeza cha kuanzia na cha kumalizia kila uzi. Mtu akikuagiza shuka mbili na foronya zake, hesabu hiyo ndiyo itakayokuonyesha kama bei uliyotaja inakulipa.

Usikate uzi mrefu ukidhani unaokoa muda. Uzi mrefu kuliko urefu wa mkono hadi kiwiko na kidogo zaidi unachakaa kwa kupita mara nyingi chini ya daraja, na mafundo ya mwisho yanatoka yamefifia.

Upande wa nyuma, na maji ya sabuni

Nenda Mlango Mmoja siku moja utafute vitambaa vya meza vya mitumba vilivyodariziwa kwa mkono. Usitazame mbele, geuza. Nyuma ndiko utakakojua mshono gani umevumilia miaka ya kufuliwa.

Nyuma ya Palestrina utaona vijiti vifupi vilivyosimama sambamba, vyenye nafasi sawa. Hakuna uzi mrefu unaopita hewani. Marijani huacha vijiti vidogo vya namna hiyo pia. Mafundo ya Kifaransa yaliyotawanyika huacha nyuma nyuzi zinazoruka kutoka fundo moja hadi jingine, na hizo ndizo zinazonasa kucha, vifungo na vidole vya mtoto. Kama mafundo yako yameachana zaidi ya sentimita moja, malizia uzi na uanze upya kila mara, au chagua mshono mwingine. Kwa nguo za watoto wachanga mimi sikubali nyuzi za kuruka nyuma hata mama mwenye mtoto akisema haidhuru.

Kufua kwa mkono kuna msuguano mkubwa kuliko watu wanavyofikiri: kitambaa kinasuguliwa kwa vifundo vya vidole, kinakamuliwa kwa kusokotwa. Mshono wa mnyororo, ambao wengi tulifundishwa shuleni, ukikatika uzi mmoja na mwisho ukavutwa, unafumuka. Mstari wa Palestrina hautafanya hivyo. Kila fundo limejifunga lenyewe, kwa hiyo uzi ukikatika sehemu moja unapoteza fundo au mawili tu, na unaweza kuyarudishia. Marijani nayo hujifunga fundo kwa fundo, ila nafasi kati ya mafundo ni uzi uliolala wazi. Ukiyaachanisha sana, nafasi hizo hunasa. Yaweke karibu kwa vitu vya kufuliwa kila wiki.

Fundo la Kifaransa lililokazwa vizuri linavumilia kufuliwa, lakini juu ya kitambaa chenye mfumo uliolegea linaweza kuvutika hadi nyuma. Kwenye marekani, popolini au tetroni iliyobana hutapata shida hiyo.

Rangi ijaribiwe kabla. Lowesha kipande cha uzi, kikandamize juu ya kitambaa cheupe, subiri kikauke. Nyekundu na nyeusi ndizo za kuogopa. Na unapochora mstari wako, tumia penseli laini au chaki ya fundi, na kwa kitambaa cheusi ncha ya kipande cha sabuni kilichokauka. Kalamu ya wino usiiguse. Wino huenea ukilowa na mafundo meupe hubaki na kivuli cha buluu.

Pasi: laza kazi kifudifudi juu ya taulo nene, piga kutoka nyuma. Mafundo yanazama kwenye taulo na kubaki na kimo chake. Kwa pasi ya mkaa ni muhimu zaidi, maana uzito wake ukipita juu ya Palestrina moja kwa moja unaibapa, na fundo lililobapwa halirudi.

Marijani na Palestrina zikigombea kazi moja

Fundo la Kifaransa tuliweke pembeni kwanza, kwa sababu halishindani nazo: lenyewe ni la kujaza. Katikati ya ua, manyoya ya kondoo kwenye blanketi la mtoto, mbegu za tunda, povu la mawimbi kwenye picha ya ziwa. Huko hakuna linaloweza kuchukua nafasi yake. Anayetaka kudarizi picha aanze nalo.

Kwa mstari, swali linabaki kati ya haya mawili, na si swali jepesi. Marijani inajifunzwa upesi, haili uzi, na inakwenda haraka. Mstari wake unapindapinda kidogo kwa asili, kwa sababu kila fundo linavuta uzi upande mmoja. Kwa shina la ua, kwa mzizi, kwa ukingo wa jiwe au wa maji, kupinda huko ni uzuri. Kwa pindo la shuka linalotakiwa kunyooka kutoka pembe hadi pembe, jicho litakuona umekosea hata kama hukukosea.

Palestrina inanyooka. Mafundo yake ni manene, yana kimo, na kivuli chake kinaonekana hata uzi ukiwa rangi moja na kitambaa. Nyeupe juu ya nyeupe, ambayo ndiyo watu wengi huipenda kwa shuka za bibi harusi, marijani hupotea na Palestrina huonekana ukiwa mlangoni. Kwenye mkunjo wa taratibu inafuata vizuri. Kwenye mkunjo mkali ufupishe daraja na usogeze mafundo, na kwenye pembe hakikisha fundo linaangukia pembeni kabisa. Marijani inaizidi kwenye mikunjo midogo, mathalani herufi za jina. Mtu akitaka jina la mtoto kwenye kitambaa cha kumfutia, nitashona kwa marijani.

Kosa linarekebishika kwa zote mbili kama hujakaza: ingiza tundu la sindano kwenye kitanzi, legeza, rudi nyuma. Ukishakaza, Palestrina inabidi ikatwe. La Kifaransa karibu kila mara hukatwa.

Jambo jingine linalonifanya niipendelee Palestrina ni kwamba inafungua milango. Upo mshono wa Sorbello, pia wa Italia, ambao una daraja na mizunguko miwili vilevile, ila unamalizika kwa kuchoma pembeni na kutoa fundo la mraba linalojaza nafasi. Mwaka 1904 Romeyne Robert Ranieri di Sorbello, mwanamke wa Kimarekani aliyeolewa Italia, alianzisha shule ya darizi karibu na Ziwa Trasimeno, na wanawake wa vijijini wakapata kipato kwa kushona mishono ya aina hiyo kwa ajili ya kuuza. Ninawaza juu ya hilo kila ninapoona vikundi vyetu vya akina mama vikihangaika kutafuta kitu ambacho cherehani haiwezi kukiiga. Mashine za kudarizi zinaweza kutoa maua ya rangi kwa dakika chache. Fundo lililofungwa juu ya daraja kwa mkono bado haliwezi kutoka kwenye mashine hizo, na mteja akiligusa anajua.

Mafundo mengine mawili utakayokutana nayo

Fundo la kikoloni ni ndugu wa la Kifaransa. Uzi unazungushwa kwenye sindano kwa umbo la nane badala ya duara, na fundo linakaa juu zaidi na halilegei kirahisi. Ndilo lililotumika Marekani katika darizi nyeupe kwa uzi wa utambi wa mshumaa juu ya pamba isiyopaushwa, ambayo ni kitambaa cha aina ile ile tunayoiita marekani na kununua kwa mita hapa. Ikiwa la Kifaransa linakukataa, jaribu hili kabla hujakata tamaa. Wapo ambao mkono wao unalikubali upesi.

Fundo la bulioni, lenye mizunguko mingi inayolala kama mshipi na kutengeneza waridi, liache kwa sasa. Linataka sindano nyembamba yenye tundu lisilozidi unene wa mwili wake, na sindano za kawaida za dukani hukwama kwenye mizunguko.

Uchague upi

Unashona ili uuze mashuka, foronya au vitambaa vya makochi: Palestrina, bila kusita. Muda wa ziada unaolipia unaonekana kwenye kazi, na mteja wa kitchen party au send-off anayetafuta zawadi analipa kwa kinachoonekana. Mafundo hayo yaweke ukingoni mwa foronya. Katikati huacha alama shavuni mwa anayelala, na hapo lawama itakuja kwako.

Una muda mdogo sana, uzi kidogo, au unamfundisha mtoto wa darasa la tano: marijani. Atamaliza mstari siku hiyo hiyo na kutaka kuendelea.

Unataka picha, maua, wanyama: la Kifaransa, na ununue fremu nzuri kabla ya uzi.

Unatumia mkono wa kushoto: geuza mielekeo yote, Palestrina iende kulia kwenda kushoto na marijani kushoto kwenda kulia. Usikae kando ya mwalimu wako anayetumia wa kulia. Kaa mkabala naye, mtazame usoni, na ufanye unachokiona mbele yako. Mikono yake itakuwa kioo cha yako. Nimeona walioitwa wagumu wa kuelewa wakishika mshono kwa kubadilisha kiti tu.

Kwa wote, kazi ya kwanza isiwe shuka. Nunua nusu mita ya marekani, ifue kwanza kwa maji ya moto itoe wanga na isinywee, ipige pasi. Chora mistari mitatu ya penseli yenye urefu wa kiganja. Tumia uzi wa kufumia wa rangi nzito, bluu au kijani, ili uone kila mzunguko. Shona Palestrina kwenye mstari wa kwanza ukiacha milimita tano kati ya mafundo, wa pili ukiacha tatu, na wa tatu uyabananishe mpaka yagusane. Kisha geuza kitambaa utazame vijiti vya nyuma. Vikiwa sawa na vimesimama wima, mkono wako uko tayari kwa foronya. Vikiwa vimeegemea huku na huku, rudia ukitazama pale sindano inapochoma na kutokea, maana fundo hufuata kijiti chake.